Kazi Kubwa Tuikate kwa Kipimo cha Wakati Wetu



Tunapenda kusema nanyi juu ya jambo moja ambalo kila mwanafunzi analijua, tangu kalasi ya kwanza mpaka kalasi ya sita: kazi kubwa. Hatusemi juu ya zoezi la nusu saa, lile unalifanya mangaribi na kulipeleka kesho yake. Tunasema juu ya kazi ya kurasa nyingi, ya wiki nyingi na ya pointi nyingi, ile ambayo mwalimu anaiandika kwenye tablo kwa mstari mmoja tu, kisha anapangusa mikono na kutoka.

Sisi tunaoandika maneno haya tuko wanafunzi sita wa kalasi ya sita. Watatu wanakaa internati, watatu wanatoka kwa wazazi wao kila asubuhi. Katika semestri ya pili mwalimu wa jografia alitupa kazi hii: Ziwa Kivu, kurasa 20 pamoja na ramani moja, wiki 8, kila mtu yake.

Kalasi ilinyamaza. Kisha wengine wakacheka, kama vile watu wanachekaka wakiogopa. Mmoja kati yetu sita, dada, alifunga kaye yake na kusema polepole: "Miye nitaiacha tu. Sifuri ni sifuri."

Hatukucheka, kwa maana tulijua hali yake. Kazi ile ilikuwa na nusu ya pointi zote za jografia katika periodi ile. Yeye alikuwa na pointi kidogo katika masomo mengine mawili. Akipata sifuri, hatari ya kurudia mwaka iko mbele yake. Na baba yake alimwambia wazi tangu mwezi wa tisa: minervali ya kalasi ya sita atailipa mara moja tu, sababu nyuma yake wako wadogo wanne wanaongoja. Basi kwa dada yetu kurasa 20 hazikuwa karatasi tu. Zilikuwa diploma yake.

Ndiyo maana tulikaa chini ya muti, saa ya mapumziko, tukaanza kutafuta njia. Njia ile tunataka kuwaonyesha leo.

1. Kazi kubwa inatisha sababu gani?

Wengi wanafikiri inatisha kwa sababu ni ngumu. Sisi tuliona si hivyo. Hakuna kitu kigumu sana juu ya Ziwa Kivu. Wengi wetu tunaliona kila siku, tunaoga ndani yake, tunakula samaki wake. Kazi inatisha kwa sababu haina mlango. "Ziwa Kivu" ni kichwa cha habari. Si kitu ambacho mutu anaweza kukaa na kukifanya saa moja ya mangaribi. Utashika biki, utaandika jina lako, tarehe, kichwa, utapiga mstari chini yake mara mbili kwa rula, na mwisho umefika hapo.

Lakini mutu akikuambia: "Tafuta urefu wa ziwa kwenda chini, andika namba," unaweza kuinuka mara moja. Unafungua kitabu, unapata: maji yanashuka zaidi ya metre 480 pahali palipo na kina kirefu kabisa. Umeandika. Umemaliza kitu.

Basi jambo la kwanza tulilojifunza ni hili: kichwa cha kazi si hatua. Hatua ni kitu ambacho unaweza kusema, "Hiki kimekwisha." "Kusoma juu ya ziwa" haina mwisho, unaweza kusoma mpaka Yesu arudi. "Kusoma kurasa 4 za kitabu cha jografia na kuandika mambo 5" ina mwisho. Ukishindwa kujua siku gani kipande kitakwisha, ujue hujakikata bado.

2. Kupima mbele ya kukata

Sasa wengi wanatuambia: "Gaweni kazi." Ni shauri zuri, lakini tuigawe kwa kipimo gani? Fundi wa nguo hakati kitambaa kwa kukitazama kitambaa tu. Anakupima wewe kwanza, mabega, kiuno, urefu. Kisha anakata. Sisi pia tulijipima.

Kila mmoja alitwaa karatasi na kuandika juma lake lote jinsi lilivyo, si jinsi angependa liwe. Tulipoziweka karatasi zile pamoja, tuliona jambo moja: hakuna hata mmoja aliyekuwa na siku nzima. Siku ya posho ni kufua, kuchota maji, shamba. Siku ya Mungu ni ibada, na nyuma ya ibada wageni na mapishi. Watu wa internati wako na saa ya kujisomea usiku, lakini mashini ikizimwa saa tatu, ni giza. Mmoja anatembea saa nzima na dakika kidogo kuja masomoni, na vile vile kurudi. Dada yetu anamsaidia mama yake kuuza sambaza sokoni mpaka giza linaingia, kisha anapika, kisha anaogesha wadogo. Wakati wake mwenyewe ulikuwa dakika 40 hivi usiku, kadiri toshi yake ilivyokuwa na nguvu.

Pale ndipo tulielewa. Mwanafunzi anayengoja siku moja kubwa kwa ajili ya kazi moja kubwa, siku ile haitakuja. Sisi hatukuwa na siku. Tulikuwa na vipande: nusu saa mbele ya kengele ya asubuhi, dakika 20 za mapumziko, dakika 40 za toshi. Kwa hiyo kazi ilipaswa kukatwa iwe sawa na vipande vile. Kwa dada yetu hakuna hatua hata moja iliyoruhusiwa kupita dakika 40. Kwa watu wa internati hatua iliweza kufika saa moja na nusu. Kazi ni moja, lakini mikato si moja.

3. Namna tulivyokata

Tuliuliza: mutu ambaye hajaliona Ziwa Kivu hata siku moja, angetuuliza nini? Kila mmoja alisema, mmoja aliandika. Yalitoka maswali 9. Liko wapi? Ni kubwa namna gani? Lilizaliwa namna gani? Maji yanaingia na kutoka wapi? Visiwa vyake ni vipi? Nani wanakaa pembeni yake? Samaki gani wako ndani? Lina faida gani? Lina hatari gani?

Tulimpelekea mwalimu karatasi ile mwisho wa juma la kwanza, tukamwomba ruhusa ya kufikiri pamoja lakini kuandika kila mtu peke yake. Alikubali. Alisoma maswali, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akasema: "Vizuri. Na gesi, iko wapi?" Akaongeza swali la 10 kwa mkono wake.

Tazameni hesabu sasa. Kurasa 20, maswali 10: kila swali kurasa 2. Hakuna mwanafunzi wa kalasi ya sita anayeogopa kurasa 2. Kazi ni ileile, kurasa ni zilezile, lakini moyo umetulia.

Kisha kila swali tulilikata tena mara nne: kutafuta, kuuliza mutu anayejua, kuandika mara ya kwanza, kusahihisha. Kwa hiyo hatua zikawa 40, pamoja na ramani. Tukaenda nyuma tangu siku ya kupeleka kazi: juma la 8 tuliliacha tupu kabisa, juma la 7 ni kunakili kwa usafi, juma la 5 na la 6 kuandika, juma la 2, la 3 na la 4 kutafuta na kuuliza. Juma tupu lile wengine walilicheka. Lakini hapa kwetu mvua inakata barabara, malaria inalaza mutu siku nne, na kilio kinaingia nyumbani bila kupiga hodi. Mpango usio na nafasi ya malaria si mpango wa nchi hii.

4. Kipi kianze?

Hatukufuata namba tangu 1 mpaka 10. Tulianza na vipande vinavyotegemea vitu vya watu wengine. Atlasi ya biblioteki ni moja, haitoki nje, na kalasi yetu ni ya wanafunzi zaidi ya 40. Basi ramani tuliichora katika juma la pili, wakati atlasi ilikuwa imelala peke yake kwenye meza. Katika juma la 7 watu walisimama mstari kuingoja.

Tena, kuna vipande vinavyobeba vingine. Huwezi kueleza mabwawa ya umeme ya Ruzizi kama hujaeleza kwanza maji yanaelekea wapi. Huwezi kueleza maji yanaelekea wapi kama hujaeleza namna ziwa lilivyozaliwa. Tulipopanga hivyo, mambo yalianza kushikana mikono yenyewe. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga ziliinuka na kufunga njia kama mlango. Maji yakajaa, yakapanda, mpaka yakapata njia ya kusini, ndiyo Ruzizi. Leo ziwa liko juu, karibu metre 1460 kupita bahari, na Ruzizi inatelemka mpaka Ziwa Tanganyika kwa mwendo wa karibu kilometre 120. Kwa sababu inatelemka sana, watu walijenga bwawa la kwanza la umeme mwisho wa miaka ya 1950, na la pili likamalizika mwaka 1989. Oneni: swali la 3 linazaa la 4, la 4 linazaa la 8.

Swali la hatari lilitupeleka kwa wazee, maana wengine waliona kwa macho yao. Nyiragongo ilitoa moto mwaka 1977, ikarudia mwaka 2002, moto ule ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka kuingia ziwani, na tena mwaka 2021. Swali la gesi likafuata: chini kabisa ya ziwa, ndani ya maji yenyewe, kumefungwa gesi nyingi, metani na gesi kaboniki. Ni hatari, lakini ni mali pia, kwa maana ng'ambo, Rwanda, tangu mwaka 2016 kuna mashini kubwa inayotoa metani katika maji na kuigeuza umeme. Jambo moja, faida na hatari pamoja. Mwalimu alikuwa na haki ya kuliongeza.

5. Beseni la sambaza

Tunarudi kwa dada yetu, maana kwake tulijifunza kupita katika vitabu.

Katika juma la 2 alikuwa angali anasema, "Muko na wakati, nyinyi. Miye sina." Tulimwuliza: swali gani liko karibu nawe? Alinyamaza, kisha akacheka mwenyewe. Swali la 7, samaki. Kumbe alikuwa anabeba kipande cha kazi kila mangaribi ndani ya beseni lake kichwani!

Basi kile kikawa kipande chake cha kwanza. Hakuacha kuuza. Aliweka kaye ndogo chini ya beseni, na kila siku aliuliza swali moja tu: moja kwa wavuvi wanaoleta, moja kwa mama wanaonunua kwa jumla. Nyuma ya siku sita alikuwa na mambo ambayo sisi wa vitabu hatukuyapata: namna wavuvi wanavyofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, namna wanavyotoka usiku na taa ili samaki wavutwe na mwangaza, namna wanavyoimba ili wapige makasia kwa kipimo kimoja, na sababu gani usiku wa mwezi mkubwa wanapata kidogo. Kisha katika kitabu cha biblioteki alipata jambo lililotushangaza sote: sambaza si mwenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu mwaka 1959. Wazee wanaokula sambaza leo na kusema ni chakula cha mababu, mababu hawakuwajua katika maji haya.

Aliandika kurasa 2 zile kwa usiku watatu, dakika 40 kila usiku. Alipotuletea tuzisome, hakusema tena neno "sifuri." Alisema: "Bado tisa."

Tulifikiri sana juu ya neno lile. Kazi haikupungua sana, kumi toa moja. Lakini sasa ilikuwa na namba, na namba ile ilianza kushuka. Mutu anayeona namba inashuka anaweza kuendelea hata akiwa amechoka. Malaria ilimshika katika juma la 6, siku tano. Juma tupu ndilo lililomwokoa. Siku ya kupeleka, kazi yake ilikuwa juu ya meza ya mwalimu pamoja na zetu, kurasa 21, na picha ya mitumbwi mitatu aliyoichora mwenyewe.

Pointi bado hatujapewa tunapoandika haya, na hatutaki kusema mbele ya mwalimu. Lakini karatasi 21 si sifuri, hilo tunalijua.

6. Mambo ya kuangalia

Wenzetu, njia hii iko na mitego yake. Tuwaonyeshe mitatu.

Ya kwanza, wengine wanapendaka kukata kuliko kufanya. Wanachora tablo ya hatua kwa biki nyekundu na ya buluu, wanaifuta, wanaichora tena vizuri zaidi, juma limepita. Mpango ni wa kutosha ukikaa kwenye karatasi moja, hata iliyochafuka.

Ya pili, wengine wanafanya vipande vyepesi vyote kwanza na kuacha vigumu vilale mwisho. Halafu wiki ya mwisho imejaa mawe matupu. Kipande kigumu kifanywe wakati kichwa kina nguvu. Chepesi, kama kunakili, kikae kwa usiku wa kuchoka.

Ya tatu, wengine wanaamka na kupoteza nusu ya wakati wao kukumbuka walifika wapi. Sisi tulijipa sheria: mbele ya kuzima taa, andika mstari mmoja chini ya ukurasa, "Kesho naanzia hapa." Mstari ule ni wa dakika moja, lakini kesho yake unakuokoa dakika kumi. Kwa mutu mwenye dakika 40, dakika kumi ni mali.

7. Si jografia peke yake

Sisi wa kalasi ya sita tunangojwa na Examen d'État, ambayo vijana wa nchi hii wanaifanya tangu mwaka 1967. Disertasyo inakuja kwanza, mbele ya siku nyingine za mtihani. Mle ndani huna wiki 8, una saa chache tu. Lakini ni namna moja: soma swali mara mbili, andika mambo makubwa matatu kwenye karatasi ya kujaribia, panga lipi litangulie, ndipo ufungue utangulizi. Anayejua kukata kazi ya wiki atajua kukata kazi ya saa.

Na mwalimu wetu wa dini alitukumbusha Nehemia. Ukuta wa Yerusalema ulikuwa kazi ya kutisha. Lakini wengi walipewa sehemu iliyo mbele ya nyumba yao wenyewe, na ukuta ukaisha kwa siku 52. Dada yetu alipolisikia lile alisema: "Mbele ya nyumba yangu kulikuwa sambaza."

Kwa walimu wetu tunasema kwa heshima: mukitupa kazi kubwa, mutuwekee tarehe ndogo katikati. Mutuombe maswali katika juma la kwanza, ramani katika la tatu, kurasa chache katika la tano. Dakika tano ambazo mwalimu alitazama karatasi yetu ya maswali zilitusaidia kuliko maonyo mengi juu ya uvivu. Wengi wanaonekana wavivu, kumbe wamesimama mbele ya nyumba wakitafuta mlango.

Na nyinyi wadogo zetu wa kalasi ya kwanza na ya pili, musingoje kazi ya kurasa 20. Mukipewa kurasa 2, mukate mara nne. Mkono ujizoeze mapema.

Karatasi hii munayoshika imepigwa upande mmoja tu. Nyuma yake ni nyeupe. Kama uko na kazi kubwa inayokungoja, igeuze sasa, andika hatua tatu za kwanza, na pembeni ya kila moja dakika ngapi. Kisha fanya ile ya kwanza mbele ya usiku wa leo.

Sisi wanafunzi sita wa kalasi ya sita.